Siku Nilipowaandikisha Watu Majina ya Samaki

Nalisimulia hili mara moja tu, na mwenye kucheka acheke sasa amalize, maana kwa aibu niliyoipata Msambweni, hadi leo nikikaribia ule ukumbi navuka barabara.

Mimi ni katibu wa kamati ya watu tulioondolewa ufuoni, upande wa Bodo, tajiri mmoja alipozungusha ua na kutuambia tuhame (sisi wenye asili ya Pemba, ambao babu zetu wamezikwa humo humo ndani ya ua). Basi Jumamosi moja tumekaa kikao katika chumba cha chekechea, akaingia mwanamume wa makamo, mkoba kwapani, akasema, "Habari zenu? Naitwa Mutua, nimekuja kuandika majina ya familia zilizohamishwa."

Shikamoo hakuna, barua hana, na mwenyekiti wetu, Mzee Hamadi, alikuwa amekwenda Matuga tangu asubuhi. Moyo ukaniambia, huyu katumwa na mwenye ua. Akatazama saa, nikasema anawasubiri polisi. Akachungulia dirishani, nikasema anahesabu nyumba. Simu yangu ikalia, nikaizima bila hata kuitazama, nikidhani ndiyo inayotumika kutusikiliza (habari hizo nilizipata barazani, na barazani hakukosekani habari).

Ningemwuliza tu, "Nani kakutuma?" yangekwisha. Badala yake nikapita nyuma ya madawati nikinong'ona, "Msimpe majina yenu. Mpeni ya samaki, mtu wa bara huyu, hatajua."

Wallahi hakujua! Akaandika kwa heshima zote: Tafi Juma, Kolekole Hamisi, Pono Salim. Bi Asha Kombo, mama mtu mzima asiyependa uongo, akanitazama.

"Faki mwanangu, una hakika?"

"Nina hakika, mama."

Akajiandikisha Changu binti Chewa.

Jioni Mzee Hamadi akaniuliza, "Yule mgeni mmemhudumia?" Nikajibu, "Sawasawa, mzee," huku nikianza kumshuku hata yeye: amejuaje kwamba kulikuwa na mgeni?

Siku ya kusikilizwa madai yetu, ukumbi wa Msambweni ulijaa. Mama aliyesimamia kikao, mtu wa pwani hii hii, akafungua faili. "Tafi Juma?" Kimya. "Kolekole Hamisi?" Mtu akacheka nyuma. Akavua miwani. "Haya ni madai ya ardhi au ni soko la samaki?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, lakini wakili wa mwenye ua hakucheka, alisimama akasema, "Mheshimiwa, watu hawa hawapo. Naomba madai yatupwe."

Kicheko kikakatika. Mutua akainuka. "Niliandika nilivyoambiwa."

"Huyu ni karani wa wakili wetu," akasema Mzee Hamadi. "Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimpigia Faki simu nimweleze, akaizima."

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikasimama. "Mheshimiwa, ni mimi. Nilidhani ni mpelelezi."

"Kwa sababu gani?"

Nikaitafuta sababu, nikaipata moja tu. "Lafudhi yake."

Mimi, niliyenyimwa kitambulisho miaka na miaka kwa sababu nasema Kipemba! Hakuna aliyecheka, na laiti wangecheka.

Tukapewa hadi adhuhuri kila mtu aje mbele na jina lake la kweli. Nilikimbia benchi hadi benchi kama mwuza karanga. Wote waliokuwapo wakaandikwa upya, isipokuwa Bi Asha, ambaye homa ilimlaza nyumbani, madai yake yakaahirishwa hadi kikao kingine.

Nilikwenda kumwambia, na Mutua akanifuata bila kualikwa. Njiani akaniambia kwamba wao pia walivunjiwa nyumba akiwa darasa la pili, ndiyo maana anafanya kazi hii.

Bi Asha alitusikiliza, kisha akajivuta akaketi. "Mgeni wetu, nisamehe, nilikudanganya." Akanigeukia. "Na wewe Faki, umeshamwomba radhi?"

Sikuwa nimemwomba. Mbio zote zile, sikuwa nimemwomba.

Nikamwomba pale pale mkekani, kichwa chini, na nikaapa kwamba maishani mwangu sitamhukumu tena mtu kabla sijamwuliza. Mutua akasema, "Yamekwisha," ila hakunitazama.