Marko, gitaa lililosubiri miguu

Nilipoona ujumbe asubuhi nilidhani ni Marko mwingine. Nikapiga simu Lodwar. Ni yeye. Marko wetu wa gitaa ametuacha.

Wengi mnaonisoma hapa hamkumjua. Miaka ya tisini nilitoka kwetu Butere kwenda Kakuma kutafuta kazi ya mjengo. Mimi nilibeba mawe. Yeye, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, alichanganya simiti kwenye site hiyohiyo.

Vidole vyake vilikuwa vimechanika kwa simiti. Ikifika break, vidole hivyohivyo vinashika gitaa.

Lilikuwa gitaa la umeme, ameliunganisha na redio kaseti na betri ya gari. Spika ilikuwa imepasuka. Nikamwambia, "Marko, tafuta nyingine, hii inakwaruza."

"Iache, ndugu yangu. Hata koo langu limejaa vumbi, na bado naimba."

Alikuwa anavuta uzi mmoja kwa kidole mpaka unalia kama ngamia aliyenyang'anywa mtoto. Rock kama ile hatukuwa tumeisikia. Majirani kambini walidhani redio imeharibika, halafu wakachoka naye kabisa.

Ndipo kanisa moja la Lodwar likamwita. Mzee wa kanisa akamwambia mbele yangu, "Leo tu. Watu wasipolipokea, gitaa hili lisirudi hapa."

Marko hakuwa na mahali pengine pa kupiga.

Alianza kwa kasi, vidole vinakimbia, hapumui. Mimi nilikuwa nasikia raha. Waturkana, wenyeji wa hapo, walisimama tu, wamekunja mikono.

Wakati wa sadaka Mama Akiru, aliyekaa benchi la mbele, akamwita na kumsalimia kwa Kiturkana. "Ejok, kijana. Unapiga vizuri. Lakini unaongea peke yako. Miguu yetu itaingia wapi?"

Kwao ngoma ya kuruka haina ngoma ya kupigwa. Wanaruka, na miguu ikitua pamoja, hiyo ndiyo ngoma. Marko alikuwa amejaza gitaa kila mahali, miguu haina pa kutua.

Akarudi kwenye gitaa. Akavuta uzi mmoja, akaunyamazisha, akasubiri. Alisubiri mpaka nikaanza kuona aibu kwa niaba yake.

Mama Akiru akaruka. Miguu yake ilipogusa chini, Marko akapiga. Akanyamaza tena. Benchi la pili likaruka, kisha kanisa zima, vumbi mpaka kwenye mabati.

Mzee hakuinuka. Lakini kiatu chake nilikiona kikigonga sakafu.

Baada ya ibada akamwambia Marko, "Jumapili ijayo uje mapema."

Tangu hapo alipiga hivyo kila kitu. Harusi za Lokori, mikutano ya Kaikor, hata wimbo uwe wa haraka namna gani, lazima aache nafasi. Aliyetaka kujifunza alimfundisha. Ukienda kanisa lolote la huko leo, ukasikia gitaa limenyamaza watu wakiwa hewani, huyo ni Marko, hata kama mpigaji hajui jina lake.

Anazikwa Jumamosi Lodwar. Nimeomba ruhusa, foreman amekataa. Huku niliko ni mbali, na kazi za kumwaga zege hazisubiri mtu.

Lakini nimeongea na wenzangu. Saa ya mazishi tutazima mashine kidogo. Patakuwa kimya, Marko, kama ulivyopenda. Halafu nitaruka, na haya magoti yangu, na nitatua kwa nguvu.

Ukisikia kishindo, ni mimi. Pumzika sasa, ndugu yangu. Zamu hii sisi ndio tunasubiri.