Mganga Amelala

Jumamosi mchana nilikuwa kibandani Makongeni nikila chapati kwa madondo. Meza ya pili, wafanyakazi watatu wa kiwanda cha sabuni walicheza ule mchezo wa kete ambamo kila mtu ni shujaa wa kubuni, na mmoja anawasimulia hatari. Msimulizi, mtu wa nne mezani, alikuwa supavaiza wao wa kazini. Mungu awahurumie.

Walikuwa wamepigana vita vitatu mfululizo. Mama mmoja kati yao, aliyekuwa mganga wa kikosi mchezoni, akasema, "Boss, tupumzike. Dawa zimeisha."

"Wapi! Mlango unafunguka. Fisi sita!"

"Si tumetoka tu kwa nyoka?"

"Fisi hawajui hiyo."

Mama akazitia kete zote kikombeni, akakifunika kwa sahani. "Mganga amelala. Wakitaka, wamle akiwa usingizini."

Wenzake wakakunja mikono. "Hata sisi tumelala."

Supavaiza akakitazama kikombe, akawatazama watu wake, akakohoa. "Sawa. Fisi wamepita bila kuwaona."

Mtu asiyejua kupumzisha hata watu wa kubuni, nani alimkabidhi wa kweli?

Mama hakuiondoa sahani. "Na ile shifti ya pili uliyotuongezea Jumatatu, boss? Nayo itapita bila kutuona?"