Nilivyoajiriwa Kuumwa

Kazi yangu ni kuumwa. Nimeumwa moyo, figo, mguu na wivu, na siku moja nilijifungua mapacha nikiwa na miaka sitini na tisa, kwa sababu aliyepangiwa kujifungua alishikwa na mafua. Mjukuu wangu, ambaye ndiye anayeandika haya mimi nikisema, amekohoa hapo kwenye mapacha. Basi andika mtoto mmoja.

Chuo cha uuguzi kiko nyuma ya hospitali, kina mlango wa bluu usiofunga mpaka uusukume kwa nyonga. Humo wanafunzi hufundishwa kusikiliza watu kabla hawajakabidhiwa wagonjwa wenyewe, na wa kujifunzia ni sisi: watu wazima na afya zetu, tunapewa karatasi ya ugonjwa, tunaikariri, tunalala kitandani tunalalamika. Mwanafunzi anauliza, anatuonea huruma, anaamua la kufanya. Mwalimu anakaa kwenye kona na orodha ya mambo ishirini, na kila moja likitimizwa anatia vema. Tulimwita Mama Vema, ingawa sura yake ilikuwa ya mtu anayetafuta pa kutia kosa.

Nilipokwenda kuomba kazi aliniuliza kama najua kusoma, maana mgonjwa asiyejisomea karatasi hawamchukui. Nikamwambia niliwahi kuwa karani wa mahakama miaka kumi na mmoja. Mahakama mimi naijua kwa nje. Nilikuwa nauza maji pale getini. Shule nilikwenda siku mbili: ya kwanza nilichelewa, ya pili walikuwa wamefunga. Nikavaa miwani ya marehemu dada yangu, iliyonifanya nione kila kitu kama kimezama majini, nikaishika ile karatasi, nikaikunjia uso. "Hapa pana makosa ya uandishi," nikasema. Nikaajiriwa palepale.

Karatasi zangu zote nilisomewa nyumbani na mjukuu, kwa kisingizio cha macho. Kichwa changu kinashika. Nikisomewa mara mbili imeingia. Taabu yangu si kusahau. Taabu yangu ni kuongeza.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya mtihani wa mwisho. Karatasi ilisema: tumbo, chini ya mbavu za kulia, siku nne, linazidi ukila mafuta, hutapiki, hutumii dawa yoyote, unaishi na mume. Tumbo gani hilo? Hata mama yako mzazi hawezi kulionea huruma. Kwa hiyo mwanafunzi wa kwanza nikamwambia mume wangu amefariki. Wa pili nikamwambia amefariki kwa kuanguka kutoka juu ya paa. Kufika wa tano, marehemu alikuwa ameanguka kutoka paa la shule akimwokoa mbuzi wa mwalimu mkuu, na mwenyewe saa hizo yuko nyumbani anakaza miguu ya meza.

Wanafunzi walikuwa wamefundishwa kuinama mbele, kutikisa kichwa, na kurudia maneno ya mgonjwa ili ajue kwamba amesikika.

"Tumbo linaniuma, mwanangu."

"Nasikia unasema tumbo linakuuma."

"Ndiyo, ndivyo nilivyosema."

"Nasikia unasema ndivyo ulivyosema."

Nikaona tukiendelea hivi tutazeeka humu ndani, na mmoja wetu ameshaanza.

Wa sita, na wa mwisho kwa chumba changu, alikuwa binti mmoja mrefu ambaye wenzake walimwita Konokono. Alikuwa ameanguka mtihani huo mara mbili kwa kosa lilelile: dakika kumi na tano zinaisha, yeye yuko swali la nane. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukianguka unarudi kwenu. Nilijua yote hayo kwa sababu kati ya chumba na korido kuna pazia tu, na pazia halizuii masikio yangu.

"Konokono, begi umeshalifunga?"

"Mwacheni jamani, alianza kulifunga mwaka jana."

"Leo namaliza," nikamsikia mwenyewe. "Mama aliuza cherehani nije hapa. Hana cherehani ya pili."

Nikaapa pale kitandani: kwa huyu siongezi hata mkia wa mbuzi.

Akaingia. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akavuta kiti, akakaa, akaniuliza nini kimenileta. Nikalimwaga tumbo lote kama lilivyoandikwa, mbavu, mafuta, siku nne. Nikangoja swali la pili. Halikuja. Alikuwa ananitazama tu, ametulia, kama mtu aliyekaa kibarazani kwake na hana safari. Kule kwenye kona kalamu ya Mama Vema ikaanza kugongagonga. Mimi kimya kinaniwasha kama upupu.

"Na mume wangu amefariki," nikajikuta nasema. Mbuzi nilimzuia kooni.

"Lini, Bibi?"

"Aa, tuache hayo."

"Haya, tuyaache." Akangoja tena kidogo. "Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hapana." Hivyo ndivyo karatasi ilivyotaka, na mdomo ukatii. Lakini mkono wangu, ambao haukusomewa karatasi, ulikuwa umeshakwenda wenyewe kushika mkoba. Akauona.

"Humo mna nini?"

"Vidonge vya presha tu. Havimo kwenye mambo ya leo."

"Unavinywaje?"

"Cha pinki asubuhi, cheupe jioni."

Akaniomba avione, nikampa. "Bibi, mbona vyote ni vyeupe?"

"Ndiyo. Mwezi huu duka la dawa wamenipa vyeupe vitupu."

"Sasa cha asubuhi unakijuaje?"

"Sikijui. Nimeviacha vyote nisije nikachanganya. Nangoja vya pinki virudi."

"Umengoja tangu lini?"

"Hii wiki ya tatu."

Hakusema pole, hakurudia maneno yangu. Aligeuza pakiti akaitazama, ya pili akaitazama, akaziweka juu ya shuka. "Nyumbani hakuna wa kukusomea?"

"Wapo. Ila nimewatangazia kwamba presha ilipona yenyewe siku niliyoacha kugombana na jirani."

Akasogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana, akashusha sauti. "Bibi, ni macho, au ni herufi?"

Watu wameniuliza mengi, ila hilo hakuna aliyewahi.

"Ni herufi," nikasema.

Akainuka, akachukua kipimo cha presha mezani. Mama Vema akasema kutoka kwenye kona, "Mwanafunzi, kipimo hakimo kwenye mtihani huu. Una dakika tano. Rudi kwenye tumbo."

Dakika tano zilimtosha kukimbiza maswali, hata kwa mwendo wake.

"Mwalimu, mama huyu haigizi."

"Huyo? Huyo anaigiza hata akinywa chai. Mumewe nimezungumza naye kwa simu jana, na leo amekufa mara sita. Endelea."

"Siwezi, Mwalimu. Tumbo naliacha."

Mama Vema akashusha kalamu kwenye orodha, tayari kuifunga, kisha akanigeukia mimi. "Bibi. Unaigiza au huigizi?"

Ningesema naigiza, ningebaki karani na kazi yangu, na binti wa watu akachukue begi. Nimedanganya maisha yangu yote kwa raha zangu, bila kuombwa na mtu; siku ya kusema kweli nikatoka jasho mpaka magotini.

"Siigizi. Kusoma sijui, Mwalimu. Ukarani ni uongo, miwani ni ya dada yangu, na dawa sijanywa wiki ya tatu."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi naye hakuwepo."

Akanitazama kama mtu anayepapasa nguo akitafuta palipochanika. "Mpime," akasema.

Konokono akanipima. Akarudia. Mama Vema akaja akapima kwa mkono wake. Namba ya juu ilikuwa mia mbili na nane. Nikawauliza kama hizo ni alama nzuri, hakuna aliyecheka. Wakanikalisha kwenye kiti cha magurudumu cha mazoezi, chenye gurudumu moja linalopenda kwenda kushoto, na Konokono akanisukuma hadi hospitali mbio, huku nikimwonyesha kulia ni wapi.

Nililazwa siku tatu. Mume wangu akaja na chupa ya chai, akakaa kando ya kitanda.

"Nasikia nimekufa."

"Mara sita."

"Nilikuwa mtu mzuri?"

"Mara ya tano ndiyo ulikuwa mzuri."

Kule chuoni walimu walikaa kikao. Orodha ya Konokono ilikuwa na vema tano, na kufaulu ni kumi na mbili. Baadhi yao wakasema tano ni tano, aende kwao. Aliyesimama ni Mama Vema, na maneno yake nimeletewa na mfagizi aliyekuwa akifagia sehemu ileile nusu saa: mtihani huu unataka mgonjwa mzima, na mgonjwa wetu alikuwa mgonjwa, kwa hiyo hapakuwa na mtihani. Wakaufuta. Binti akapangiwa mwingine wiki iliyofuata, na mgonjwa wake akawa fundi bomba mstaafu ambaye haongezi hata nukta.

Siku hiyo nilikwenda kukaa kwenye benchi la korido. Dakika kumi na tano zile zilikuwa ndefu kuliko ujauzito wa wale mapacha. Alipotoka akaja moja kwa moja kwenye benchi langu.

"Nimefika swali la kumi na tatu, Bibi."

"Na vema?"

"Kumi na tatu."

Akampigia mama yake palepale, akashindwa kusema, analia tu, na kule mama wa watu anaita halo, halo, nani amekufa? Nikamnyang'anya simu. Nikamwambia mama yule kwamba hakufa mtu, na kwamba mwanawe amekuwa wa kwanza kati ya wanafunzi elfu moja. Walikuwa thelathini na wawili, na yeye alikuwa wa ishirini na tisa, lakini mama aliyeuza cherehani huwezi kumpa ishirini na tisa kwa simu.

Kisha Mama Vema akaniita ofisini. Nilikuwa nimeshajiandaa kufukuzwa, nimevaa gauni la kufukuziwa kabisa. Akanipa kiti, akachukua karatasi mpya, akanisomea mwenyewe, taratibu, mara mbili: mama mtu mzima, hajui kusoma, anaficha, dawa zake zimebadilika rangi.

"Hiyo utaiweza?"

Nikamwambia nitajitahidi.

Tangu hapo ndiyo kazi yangu kila muhula: naigiza mimi mwenyewe. Wiki iliyopita nilijitolea kwa moyo wote. Nikagugumia, nikatoa jasho la kweli, nikaikwepa ile pakiti ya vidonge kama imeshika moto, nikamwambia mwanafunzi kwamba nimeisoma na nimeipenda sana. Mama Vema akasimamisha zoezi.

"Bibi, punguza chumvi," akasema. "Hakuna mtu wa kweli anayefanya hivyo."