Nilivyomfundisha mbwa wa machimboni kujisaidia nje kabla mpunga wa Mama Kabula haujaenda mashineni

Wakuu, nawasalimu kutoka Ibadakuli, Shinyanga.

Nina miaka arobaini na kitu na nimeona mengi, lakini wiki hii nimefurahi kama mtoto kwa sababu mbwa amekojoa mahali panapotakiwa. Nisipoandika nitapasuka.

Yote nitakayosema yametokea hapa hapa uani kwetu, na majirani wameona.

Kwanza mnijue kidogo. Nimezaliwa Mwadui, mzee wangu alikuwa fundi mgodini. Nilipomaliza form four nikaanza kuzunguka. Nimevuta winchi machimboni Nyarugusu, nimenunua dagaa Nkome, nimerudi tena machimboni, nimeondoka tena. Sijawahi kukaa chumba kimoja mpaka kalenda ya ukutani ikaisha. Hata leo nikisikia kuna rashi mahali, watu wamekimbilia dhahabu mpya, miguu inaniwasha.

Kwa sasa nauza dagaa sokoni na nimepanga chumba kwa Mama Kabula. Uani tuko watatu: yeye mwenye nyumba, mimi, na kijana wa bodaboda anaitwa Masanja.

Sasa tuje kwa mbwa.

Nilienda Geita kumsalimia Maduhu, rafiki yangu wa tangu enzi za winchi. Bado yuko machimboni, analala kwenye hema la maturubai. Mbwa wake alikuwa amezalia humo humo ndani.

Kuna kitoto kimoja cheusi chenye kifua cheupe kiling'ang'ania kamba ya kiatu changu, nikatembea nacho kama nimevaa mzigo. Kilikuwa kinatafuna kila kitu. Nikakiita Karasha, kama ile mashine ya kuvunjia mawe.

Maduhu akasema, "Mchukue. Na wewe upate mtu wa kukusubiri nyumbani."

Alisema kwa utani. Lakini nilipanda gari nikiwa na Karasha ndani ya shati, na lile neno likanikaa kichwani njia nzima.

Wakuu, mnajua kwetu huku mbwa anakaa nje na ng'ombe. Hakuna anayemfundisha mbwa choo. Shida ni kwamba Ibadakuli tunapoishi ni pembeni ya mji, na fisi wanapita. Mtoto wa mbwa ukimwacha nje, asubuhi unakuta kamba tu. Kwa hiyo Karasha ilibidi alale ndani kwangu mpaka akue.

Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Huyu mbwa alikuwa anakojoa ndani, si mchezo. Namtoa nje, anazunguka, ananusa udongo, anakaa, ananiangalia. Tunarudi ndani, anakimbilia kwenye kipande cha turubai nilichotandika mlangoni cha kufutia miguu, anamaliza shida zake zote hapo. Kubwa na ndogo.

Nikafanya kama nilivyoona watu wakifanya tangu nikiwa mdogo. Nikamshika shingo, nikamsogeza pua kwenye uchafu wake, nikampiga kandambili moja.

Msifanye hivyo. Alichojifunza ni kwamba mimi sitakiwi kumwona. Akaanza kwenda chini ya kitanda.

Masanja akapata wimbo. Kila nikitoka na ndoo na tambara ananiambia, "Brother, mnunulie pampasi huyo. Au mpeleke chekechea, ana umri."

Nilicheka naye mpaka siku ya mpunga.

Mama Kabula alikuwa amevuna. Alitandaza turubai kubwa katikati ya uwanja, akamwaga mpunga uanikwe kabla ya kupelekwa mashineni kukobolewa. Huo mpunga ndio chakula chake cha mwaka. Kila asubuhi anauanika na kuugeuza kwa miguu, taratibu, kama mtu anayecheza.

Mimi nikamtoa Karasha nje. Akanusa udongo, akakataa kama kawaida. Halafu akaona lile turubai. Wakuu, alikimbia kwa furaha. Alipanda juu ya mpunga, akazunguka mara kadhaa, akachuchumaa katikati kabisa.

Mama Kabula aliacha kugeuza mpunga. Yule mama akiacha kazi ujue mambo ni mabaya.

Nikasema, "Mama, nisamehe, nitauosha."

"Mpunga unaoshwa? Bebe, umeona wapi mpunga unaoshwa ukiwa umeanikwa juani hivi?" (Bebe kwa Kisukuma ni wewe, na alivyolisema nilijiona na miaka saba.)

Akachota sehemu iliyochafuka, akawatupia kuku. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini kabisa:

"Baba, mimi sina ugomvi na wewe. Mpunga huu uko hapa mpaka ukauke niupeleke mashineni. Mbwa wako akiupanda tena, anarudi alikotoka siku hiyo hiyo. Wewe baki, yeye aende."

Nilikubali.

Nikaingia ndani, nikakaa kitandani na Karasha miguuni anatafuna soksi. Nikasema moyoni, nimeacha vyumba na miji mingi bila kugeuka nyuma. Lakini huyu nikimrudisha machimboni, nani atamwangalia?

Ndipo nikaanza kufikiri kwa utulivu. Kwenye udongo anakataa. Mlangoni, turubai. Kwenye mpunga, turubai. Amezaliwa wapi? Ndani ya hema la Maduhu, sakafu turubai, kuta turubai. Tangu afumbue macho, huyu mtoto amejisaidia juu ya turubai tu. Kwake hicho ndicho choo. Udongo ambao sisi tunaona ndio mahali pake, yeye hajui hata ni kitu gani.

Na mimi, mtu mzima niliyelala kwenye hema lile lile, nilikuwa nimemtandikia choo mlangoni halafu nampiga kwa kukitumia.

Wakuu, nilisimama nikacheka peke yangu.

Nikachukua kile kipande cha mlangoni, nikakipeleka nyuma ya nyumba, karibu na uzio wa minyaa, nikakitandika juu ya mchanga. Sikukifua, kusudi kibaki na harufu yake. Ndani nikasugua sakafu kwa maji na siki, maana sabuni peke yake niliona haiondoi harufu, na mbwa akisikia harufu yake anarudi pale pale.

Halafu nikawa mtumwa wa mbwa. Akiamka tu, nambeba moja kwa moja mpaka kwenye minyaa. Akimaliza kula, kwenye minyaa. Tukicheza akaanza kunusa chini na kuzunguka, tunakimbia. Nilikuwa nambeba, simwachi atembee, kwa sababu njia inapita karibu na mpunga.

Akichuchumaa nilikuwa nasema "shusha", neno tulilokuwa tunamwambia mtu wa winchi ateremshe ndoo shimoni. Lilinitoka tu, nikaliacha. Akimaliza, hapo hapo nampa dagaa mmoja na kumsifu. Ukichelewa mpaka mrudi ndani, anadhani dagaa ni wa kurudi ndani.

Sokoni nilienda naye ndani ya kikapu. Masanja akanikuta barabarani akasimamisha pikipiki. "Brother, mtoto amefanana na wewe." Nikamwambia amefanana na mama yake.

Mtauliza kama alikuwa hakosei. Alikosea sana. Siku nyingine naenda kujibu simu tu, nikirudi kuna dimbwi. Nilikuwa nafuta, nanyamaza, namtoa nje. Nilijiambia kosa ni langu, nimechelewa.

Alipozoea lile turubai la kwenye minyaa, nikaanza kulipunguza kwa mkasi. Leo nakata ukingo, kesho kutwa nakata tena. Likawa kama mkeka wa mtoto, likawa kama sahani, likawa kama kiganja. Karasha akawa analilenga, miguu ya nyuma iko kwenye mchanga. Mwisho nikaondoa kabisa.

Siku ya kwanza bila turubai alinusa, akazunguka, akaniangalia. Nikasema "shusha". Akashusha, juu ya mchanga mtupu.

Nilirukaruka, wakuu. Mtu wa miaka yangu, nyuma ya nyumba, na dagaa mkononi.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa bado, kwa sababu mpunga ulikuwa bado uko uwanjani, maana Mama Kabula alikuwa anauanika fungu kwa fungu.

Mchana mmoja nilitoka bafuni nikakuta mlango wangu uko wazi. Nilikuwa sikuurudishia vizuri. Nikatazama uwanjani. Karasha yuko peke yake, amesimama ukingoni kabisa mwa turubai la mpunga, pua chini. Mama Kabula amekaa kwenye kigoda upande wa pili, anamwangalia. Masanja amesimama na kitambaa cha kufutia pikipiki, ameacha kufuta.

Nilitaka kupiga kelele. Nikaogopa nikimshtua atashusha hapo hapo.

Karasha akaanza kuzunguka. Mnajua kule kuzunguka maana yake nini.

Masanja akasema polepole, "Kwaheri, mtoto."

"Hebu kaa kimya," Mama Kabula akamwambia.

Mbwa akainua mguu mmoja, akaugusa ukingo wa turubai, akaurudisha chini. Halafu akageuka, akapita mbele yangu mbio bila hata kunisalimia, akaishilia nyuma ya nyumba. Tukamfuata wote watatu, Mama Kabula na kigoda chake mkononi. Tukamkuta kwenye minyaa amechuchumaa, anatuangalia kama watu wasio na adabu.

Masanja akapiga makofi. Mimi nikakimbilia dagaa ndani.

Mpunga ulienda mashineni juzi. Jana jioni Maduhu akapiga simu, kuna rashi mpya upande wa kwao, watu wanamiminika, nije haraka. Nilikuwa naongea barazani. Mama Kabula alikuwa anapepeta mchele wake mpya, Karasha amelala juu ya miguu yake.

Nilipokata simu akaniuliza bila kuinua kichwa, "Unaondoka?"

Nikasema, "Sijui, mama. Nafikiria."

"Fikiria," akasema. "Wewe ukienda, nenda. Mbwa anabaki."

Sijaenda, wakuu. Asubuhi hii tumetoka pamoja kwenye minyaa, na nimechukua dagaa kama kawaida.

Nilichojifunza: kabla hujampiga mtoto wa mbwa, uliza amezaliwa juu ya nini. Mchanga, majani, sakafu, turubai, pale ndipo anapojua yeye. Anzia hapo, msogeze kidogo kidogo, mtoe akiamka na akila, msifu papo hapo. Kandambili vaa mguuni.

Mliofuga mbwa kwenye nyumba za kupanga, mliwezaje na wenye nyumba? Na kama kuna anayejua dawa ya mbwa anayetafuna kamba za viatu aweke hapa, maana hilo bado limenishinda.