Santuri ya Nyimbo za Chuma

Kaka yangu alirudi kutoka Kigoma mjini na gitaa la umeme, alilouziwa na mwanamuziki Mkongo aliyekuwa anarudi kwao. Alikuja pia na amplifaya ya kutumia betri ya gari, na spika iliyochanika. Kila alipopiga, sauti ilitoka ikikwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Nilidhani ataitengeneza. Yeye akasema hiyo ndiyo sauti aliyokuwa akiitafuta siku zote, kwamba Zaburi za watu wanaolia haziwezi kupigiwa kinanda cha kanisani.

Tulikuwa waumini wa kanisa dogo la misheni upande wa Nyakitonto. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, naimba kwaya, na sauti yangu ilikuwa nzito kuliko ya wasichana wengine. Kaka akaniondoa kwenye kwaya, akanifundisha kuimba kwa kifua hadi koo linawasha.

Mtu wa tatu katika kikundi chetu alikuwa Mrundi. Alivuka mpaka pale Mabamba mwaka ule ndugu zetu wa ng'ambo walipokuwa wakikimbia kuuawa, akiwa na binti yake mgongoni. Alipofika upande wetu, wanawake waliompokea ndio waliomwambia mtoto alikuwa ameshakufa. Alitusimulia hayo mara moja tu, kwa Kirundi chake ambacho sisi Waha tunakisikia bila mkalimani, na hakuyarudia tena. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga ngoma. Aliwamba ngozi ya ng'ombe kwenye pipa la mafuta, akaning'iniza pembeni rimu ya lori na vipande vya springi. Watoto wa kijijini wakauita muziki wetu nyimbo za chuma, na jina likashika.

Hatukuimba kwamba tumeokoka na tunafurahi. Tulimuuliza Imana, ndilo jina la Mungu kwa lugha zetu, alikuwa wapi, na kwa nini amenyamaza. Mzee mmoja wa kanisa alikuja nyumbani kuzungumza na baba. Alisema kwa upole kwamba Mungu si kiziwi, hana haja ya kupigiwa makelele namna ile. Baba alimwitikia kwa heshima, lakini hakutukataza. Mchungaji naye akaturuhusu kupiga nje, baada ya ibada, kwa wanaotaka kubaki. Waliobaki wengi wao walikuwa wakimbizi.

Ndipo akaja mgeni wa misheni mwenye mashine ya kurekodi, aliyekuwa akizunguka kukusanya nyimbo za kwaya. Alitusikia, akasimama muda mrefu mikono mfukoni, kisha akamwomba kaka tumpigie tena ndani ya kanisa. Tulitundika mablanketi madirishani. Tuliimba nyimbo nane, zote tulizokuwa nazo. Katika ule wa mwisho mpiga ngoma aliacha kupiga katikati, akaita jina la binti yake, akaita tena, halafu akaendelea. Mgeni alitaka turudie. Kaka alimwomba auache ulivyo.

Akaondoka na kanda zetu, akiahidi zitatoka kwenye santuri. Kaka alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima.

Wakimbizi ndio walioondoka kwanza. Serikali ilikuwa ikiwapeleka kwenye makazi ya mbali, kule Tabora na mbele zaidi, na siku moja malori yakafika kwetu. Mpiga ngoma alipanda na fimbo zake za kupigia zimechomekwa kiunoni. Hatukupata habari zake tena.

Kisha kaka akaugua homa ya uti wa mgongo. Hospitalini Kasulu daktari alituambia tujiandae kwa msiba. Mama hakuondoka kando ya kitanda. Homa iliposhuka tulimshukuru Imana, tukamsemesha, naye akatutazama midomo. Tukadhani ni udhaifu. Baada ya muda akauliza, kwa sauti kubwa mno wodi nzima ikageuka, kwa nini tunanong'ona.

Masikio yake hayakurudi. Watu wakakumbuka maneno ya yule mzee wa kanisa, wakasema Mungu amejibu. Mzee mwenyewe alipoyasikia alikuja kwetu, akaketi mbele ya kaka akimshika mkono. Alikuja kuomba radhi, na hakuwa na namna ya kuomba radhi kwa mtu asiyesikia. Alikaa, akalia, akaenda zake.

Santuri ilikuja msimu uliofuata, na basi la Kigoma, imefungwa kwa magazeti. Tulikwenda nayo dukani kwa mfanyabiashara Mwislamu wa Kasulu mjini, ambaye kaka alikuwa akinunua betri kwake. Alikuwa na gramafoni. Alifunga milango miwili ya duka lake wakati wa biashara ili tusisumbuliwe, akaiweka santuri kwa uangalifu, akatuachia viti.

Nilitamani iwe mbaya. Ningeweza kumwandikia kaka kwenye kibao cha chaki tulichokuwa tukiongea naye siku hizo kwamba wameiharibu, na ingekuwa hasara ndogo. Haikuwa mbaya. Gitaa lake liliingia likikwaruza vilevile, chuma kikagongwa nyuma yake, na sauti yangu ikatoka kubwa hata sikuamini ni yangu. Kaka aliweka kiganja juu ya sanduku la gramafoni, akafumba macho.

"Nasikia inazunguka," alisema. "Muziki siusikii."

Nyimbo zikaendelea. Mwenye duka alikuwa amejiinamia. Ilipofika pale jina la mtoto linapoitwa, nilishindwa kujizuia.

Kaka akanitazama usoni. "Ni mbaya?"

Nikatikisa kichwa.

"Sasa mbona unalia kama ni nzuri?"

Niliandika kibaoni kwamba ni nzuri sana. Alisoma, akafuta kwa kiganja, akaniomba nimwambie mwenye duka aizime.

Hakugusa gitaa tena. Serikali ilipotuhamishia kijiji kipya cha ujamaa liliachwa kwenye nyumba ya zamani, na mvua ikaingia. Mimi niliambiwa nirudi kwaya, nikaenda Jumapili moja, sauti haikutoka. Kaka alilima mahindi na maharage, akakataa kuoa. Kanisani alikaa nyuma kabisa, kisha akaacha kwenda.

Mama hakuzoea. Mpaka anazeeka, chakula kikiiva alimwita kwa sauti kutoka jikoni, akangoja aitikiwe, ndipo anatuma mtu shambani akamguse bega.