Mishmishi Iliyochanua Mara ya Kwanza

Mazoon hakuwa mtu wa bustani. Alikulia Azaiba, katika nyumba ambayo babake aliijenga miaka michache baada ya kurudi Maskati kutoka Unguja, na uani kwao palikuwa na mlimau mmoja na vyungu vya mrehani vya mamake, basi. Kazi yake ilikuwa katika maabara ya damu ya hospitali moja ya mjini. Huko alikuwa hodari. Lakini ungempa jembe, angekuuliza alishike vipi.

Alipoolewa na Muatasim, mtu wa Jabal Akhdar, shangazi zake walimcheka wakasema mtoto wa Kizinjibari anapelekwa milimani akachunge mbuzi. Hakuchunga mbuzi. Muatasim alifanya kazi Maskati na walikaa Azaiba na mamake Mazoon, Bi Kheiria. Ila kila Alkhamisi jioni alipakia gari akapanda mlimani, kwenye nyumba ya wazazi wake, ambako nyuma ya jiko bustani yao ilishuka bondeni kwa matuta kama ngazi. Palikuwa na makomamanga, mawaridi, na miti sita ya mishmishi, yale matunda madogo ya manjano yenye kokwa moja. Mwezi wa Mei alishuka na makasha yake, na Bi Kheiria akayatia pilipili na sukari akayapika chatne, kama alivyozoea kupika embe mbichi alipokuwa msichana.

Miaka mitano iliyopita Muatasim aliuchanja mmoja wa miti ile, akachomeka kitawi alichopewa na rafiki yake na kukifunga kwa utepe. Mazoon alimuuliza ni mishmishi ya namna gani.

"Sikwambii," alisema Muatasim. "Utaionja mwenyewe."

Mwaka uliofuata moyo ulimsimama akiwa ofisini, naye alikuwa na miaka hamsini na mbili. Kitawi kilishika, kikawa tawi, tawi likawa karibu mti mzima, lakini halikutoa hata ua moja. Bustani ilibaki mikononi mwa kaka yake mkubwa, Aflah, mzee mwenye magoti mabovu ambaye hakuwahi kuuhama mlima. Kila ulipofika mwezi wa Februari Mazoon alimpigia simu, na kila mwaka Aflah alimjibu kuwa bado.

Mwaka huu, Ramadhani ilipoanza, Aflah ndiye aliyepiga.

"Umm Shatha," alisema, kwa Kiarabu cha kwao, akimwita kwa jina la bintiye. "Mti wa Muatasim umechanua. Mweupe wote."

Akamtumia picha. Mazoon aliitazama picha ile kila siku kwa wiki nzima. Hata kwenye msala wa kusalia, akishatoa salamu, aliitafuta simu. Alimwonyesha mamake, akawaonyesha wenzake wa kazini, na Shatha, aliyekuwa akifanya kazi Salala, alimwandikia kuwa Mei ataomba ruhusa aje, waonje pamoja.

Siku ya Jumanne ya wiki iliyofuata Mazoon alikuwa na zamu ya jioni. Mjini palikuwa na joto, nyuzi ishirini na tisa, na alipofika kazini saa nane mchana nguo ilimganda mgongoni. Alikaa, akafungua simu kutazama hali ya hewa, akateremka hadi Jabal Akhdar kama desturi yake. Alfajiri ya kesho: nyuzi moja chini ya sifuri.

Aliisoma mara mbili. Halafu akatoka ukumbini akampigia Aflah.

"Nimesikia," alisema Aflah. "Tangu asubuhi upepo umeacha na mbingu haina wingu. Jalidi itaanguka, umande ugande."

"Itafanya nini kwenye maua?"

"Itayaunguza. Ua likishafunguka halina ngozi, Umm Shatha. Lingekuwa bado limefumba lingestahimili."

Mazoon alimuuliza kama hakuna la kufanya. Aflah akamweleza, polepole, kwa sauti ya mtu aliyefunga. Zamani waliachia maji ya falaji, mfereji wa kijiji, jioni, yakalowesha ardhi ya bustani, na udongo uliolowa ukahifadhi joto la mchana. Lakini falaji ina zamu, na zamu ya leo ilikuwa ya jirani yao Muhanna.

"Mwombe mbadilishane."

"Nimeshamwomba. Naye ana miti kumi na moja imechanua. Nitamlaumu kwa lipi?"

Mazoon aliyaacha maji. Kisha akauliza habari ya kufunika.

"Nina karatasi moja ya plastiki, ile kubwa ya kufunikia vitalu. Inatosha mti mmoja. Niambie upi."

"Wa Muatasim."

"Mti wa babangu ndio unaozaa zaidi."

"Nnajua, shemegi," alisema Mazoon, na neno la nyumbani likamponyoka kwa Kiswahili. Akalirudia kwa Kiarabu. "Najua. Lakini funika wa Muatasim."

Aliporudi ndani alimwendea msimamizi wake kuomba ruhusa. Hesabu aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa hii: akiondoka saa tisa, magharibi itamkuta mlimani. Msimamizi alimsikiliza vizuri. Wenzake wawili walikuwa wagonjwa, mmoja alikuwa Makka kwa umra, na benki ya damu haiwezi kuachwa bila mtu. Hata kama angeruhusiwa, gari lake lilikuwa dogo la mjini, na pale chini ya mlima polisi hawaruhusu kupanda ila gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. La Muatasim alikuwa nalo Shatha. Kaka yake Mazoon, Bakhit, alikuwa na la namna hiyo, lakini siku ile alikuwa Yiti kwa shughuli zake na simu haikupokewa.

Ilipoadhiniwa magharibi alifungua kwa tende na maji akiwa amesimama. Mezani alikuwapo Mildred, Mkenya anayewatoa wagonjwa damu, ambaye hakufunga lakini aliwasubiri wenzake ndipo ale. Alimwona Mazoon hali sambusa zake.

"Dada Mazoon, kuna shida nyumbani?"

Mazoon akamweleza, akidhani anamweleza mtu asiyejua baridi. Kumbe Mildred alikulia Kericho, ambako babake alikuwa mchuma chai.

"Hiyo tunaijua sana," alisema Mildred. "Sisi tunaiita sakitu. Asubuhi unapata chai yote imegeuka rangi, ni kama mtu amepitisha moto. Huo mti amefunika na nini?"

"Plastiki."

Mildred aliweka kijiko chini. "Ameweka miti ya kuinua hiyo plastiki, ama imelala juu ya maua?"

"Sijui."

"Mwambie isiguse maua. Plastiki ikigusa inapitisha baridi, itachoma kuliko hata ungeacha wazi. Afadhali blanketi. Mpigie saa hii."

Mazoon alipiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kule mlimani watu walikuwa wanafuturu, na baada ya kufuturu Aflah hupumzisha magoti yake kidogo, kisha huenda msikitini kwa isha na tarawehe, na simu huiacha nyumbani ikichajiwa. Mazoon alilijua hilo kama anavyoijua njia ya kwenda kazini. Akaandika ujumbe. Haukusomwa. Akajaribu simu ya mke wa Aflah, ikawa imezimwa. Namba ya Muhanna hakuwa nayo.

Alikuwa akipiga kwa mara ya sita, au ya saba, pale simu ya maabara ilipolia. Wodi ya uzazi walitaka damu haraka. Mama alikuwa anatoka damu baada ya kujifungua, na kundi lake halikuwa la kawaida. Mazoon aliiweka simu yake mfukoni, akavaa glavu, akaanza kulinganisha damu. Kazi ile haitaki mtu mwenye mawazo mawili. Alipomaliza, saa mbili na nusu ilikuwa imepita, na mama yule alipata damu yake. Aflah alikuwa bado hajausoma ujumbe, na Mazoon alipompigia tena hakupokea; akitoka tarawehe hulala bila kuitazama simu.

Aliusoma baada ya sala ya alfajiri, na hapo ndipo alipopiga. Mazoon alikuwa jikoni Azaiba, na Bi Kheiria alikuwa amekaa kwenye kiti akivuta tasbihi.

"Imeanguka," alisema Aflah. "Majani ya chini ni meupe kama chumvi. Ujumbe wako nimeuona sasa hivi, Umm Shatha. Plastiki ilikuwa imelala juu ya maua. Sikujua."

"Hukuwa na njia ya kujua."

"Huenda yakapona. Tungoje jua."

Hakuna aliyeamini, lakini walingoja siku mbili.

Ijumaa Bakhit alimpandisha mlimani kwa gari lake. Mazoon alipofika hakuingia ndani. Alipita kando ya jiko akashuka matuta. Kwa mbali ungedhani miti yote imechanua bado, maana maua hayakuwa yamepukutika. Ukisogea ndipo unapoona kingo zake zimekuwa rangi ya chai.

Aflah alimfuata akiegemea fimbo. Akachuma ua moja, akalipasua kwa ukucha na kumwonyesha katikati, pale ambapo tunda huanzia, kitu kidogo kama punje ya ulezi.

"Kikiwa kijani, tunda lipo. Hiki ni cheusi."

Mazoon akachuma lingine, akalipasua. Cheusi. Akaenda tawi la pili. Alipasua maua tawi hadi tawi, kwa makini aliyoyazoea maabara, na Bakhit akataka kumwambia yatosha lakini Aflah akamwashiria amwache. Jua lilikuwa kali na wote walikuwa wamefunga. Mti wa Muatasim, mti wa baba yao, na ile minne mingine: hakukuwa na kijani hata kimoja. Ng'ambo ya ukuta Muhanna, aliyekuwa na maji usiku ule, alikuwa amesimama chini ya miti yake. Aliinua mkono kuwasalimu, kisha akauteremsha. Na yeye alikuwa amepata machache mno.

"Plastiki ile," alianza Aflah. "Rafiki yako aliyekwambia, alisema imeunguza zaidi?"

Mazoon aliutazama uso wa shemeji yake, uliokuwa umekonda kwa saumu, na yale magoti yaliyopanda ngazi jioni ile kufunika mti wa marehemu na kuuacha wa baba yake.

"Hapana," alisema. "Alisema kwa baridi kama hii hakuna kinachofaa."

Aflah aliitikia kwa kichwa, ingawa huenda hakusadiki. Mazoon akamuuliza kama anajua ile ilikuwa mishmishi ya namna gani. Hakujua. Rafiki aliyetoa kitawi alikuwa wa Samail, na jina lake Muatasim hakulitaja.

Waliteremka kabla ya alasiri. Kila walipoukaribia mji joto lilizidi, na Bakhit akafungua kipoza hewa. Nyumbani Bi Kheiria alikuwa amekwisha kumimina mkate wa mchele. Alimtazama bintiye usoni, akajua.

"Yote?"

"Yote, mama."

"Basi hatuna la kufanya, mwanangu," alisema Bi Kheiria, akamsogezea kiti. "Kaa."

Baada ya Idi, Aflah alisafirishwa kwenda kutengenezwa magoti, na madaktari wakamkataza matuta kwa mwaka mzima. Wanawe wako Nizwa na Suhar, na hawapandi ila kwa harusi. Mti haukufa. Umetoa majani mengi, na mwakani, inshallah, utachanua tena mwezi uleule, katika baridi ileile.

Mazoon alikwenda ofisi ya utumishi kuomba likizo ya wiki mbili za mwanzo wa Machi mwakani, ili maua yakifunguka awe mlimani. Kijana wa mezani alijaribu, akageuza kioo cha kompyuta amwonyeshe.

"Mwaka ujao haujafunguliwa, mama. Mpaka Disemba. Na ukitaka tarehe hizo lazima uwe na hakika nazo, maana zikishaingia hazibadilishwi. Una hakika nazo?"

Mazoon alisema hana, akamshukuru, akarudi maabara.