Dakika Mbili za Baba

Baba alirudi Masasi na fimbo mbili za gofu na soksi iliyojaa mipira. Alikuwa amewabebea mabosi mikoba ya gofu kule Dar miaka mingi, na alipochoka akarudi kwao Lisekese, hukohuko Masasi, kwenye shamba lake la mikorosho. Majirani wakacheka wee! Mtu mzima anapiga kijipira, anakifuata, anakipiga tena? Mzee kaja na ugonjwa wa mjini, walisema. Baba hakujali. Alichimba mashimo matatu kwenye uwazi uliovunwa mihogo, akazamisha kopo la maziwa katika kila shimo, na huo ndio ukawa uwanja.

Mimi mwanawe wa kwanza nilijifunza kanuni kabla ya mchezo wenyewe. Kanuni aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mpira uliopotea. Unautafuta dakika tano. Zikiisha, umepotea, hata ukiuona sekunde moja baadaye. Unarudi ulikopigia, unapiga mwingine, na unaongezewa pigo moja. "Na hakuna kununa, mama," alikuwa akiniambia. Mama ndilo jina aliloniita tangu nikiwa mdogo.

Mipira ikapungua. Mmoja ulitumbukia kisimani. Mwingine aliuokota binamu yake Baba, akaapa kwamba ni yai la kanga. Kesho yake alikuja kulalamika kwamba amelichemsha tangu asubuhi na bado haliivi. Baba angemfanya nini? Ni mtani wake! Alicheka mpaka akakaa chini, na mpira hakurudishiwa.

Mwaka juzi ulikuwa umebaki mmoja tu. Nilikuja likizo kutoka Newala, ninakofanya kazi ofisini na kupanga foleni ya maji kwa ndoo, nikamkuta macho yake yameingia ukungu. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mama. Chukua fimbo." Hata begi sijatua!

Alipiga vizuri, bado mikono ilikuwa na akili, lakini mpira ulikwenda pembeni, ukaingia kwenye mikorosho. Ulikuwa wakati ambao majani makavu yamejaa chini na bado hatujafagia. Tukaanza kutafuta. Yeye alikuwa anapapasa majani kwa fimbo, mimi nimeshika simu ninahesabu muda. Mimi ni mbishi, nakiri. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba kanuni imebadilishwa, na nilikuwa nasubiri kwa hamu kumwonyesha kwamba safari hii najua kuliko yeye.

"Baba, muda umeisha."

"Bado mbili."

"Siku hizi ni tatu. Wamebadilisha."

Akanyooka taratibu, mkono kiunoni. "Nani kabadilisha?"

"Wenyewe, huko huko kwenye gofu."

"Na zile mbili wamempa nani?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka sana. Yeye hakucheka. Kanuni ni kanuni, kwa hiyo aliacha kutafuta, akageuka, akatembea mpaka pale alipopigia, akasimama na fimbo yake. Akaangalia chini. "Sasa nipige nini?" aliuliza, na mimi nikasema usijali baba, nitakuletea mingine, nikimtuma mtu Dar nitamwagiza.

Sikumwagiza mtu. Nilisahau, nikakumbuka, nikaahirisha, kama tunavyofanya na wazazi tukidhani wapo tu. Siku nilipopigiwa simu nilikuwa kwenye foleni ya maji. Baba alikuwa amelala usingizi wa mchana na hakuamka. Niliacha ndoo zangu palepale, sijui nani alizichukua.

Nimemlilia baba kwa mambo mengi, lakini kinachonikaba ni zile dakika mbili. Kama ningempa, nini kingepungua? Hapakuwa na mwamuzi. Hapakuwa na mpinzani. Tulikuwa wawili tu shambani, na mmoja alikuwa anaomba muda.

Msimu huu nilikuja kumsaidia mama kufagia chini ya mikorosho, maana korosho zinataka kudondokea pasafi. Mama alikuwa mbele, mimi nyuma. Akainama, akaokota kitu, akakipangusa kwa kanga yake. Alinyoosha mkono tu, na mpira ulikuwa mle kiganjani, umekuwa wa kahawia kama kokwa. Ulikuwa hatua nne hivi kutoka tulipoishia kutafuta.

Niliushika. Kwa kanuni, ule ni mpira uliopotea. Ninao mkononi, na bado umepotea. Nikahisi hasira, sijui kwa nani, nikatoa simu nikaweka dakika mbili. Kisha nikageukia upande ule aliosimama baba na fimbo yake, nikapaza sauti kama tulivyokuwa tukiitana zamani mmoja wetu akiuona:

"Huu hapa, baba! Huu hapa!"

Nilidhani mama ataniuliza kama nimechanganyikiwa. Aliegemeza fagio kwenye shina, akaja akasimama karibu yangu, na sote tukawa tunatazama pale penye uwazi, palipokuwa na nyasi tu na kopo moja lenye kutu.

Simu ikalia. Muda umeisha. Nikanyoosha kidole niizime.

"Ongeza," mama akasema.